Kabange Anakwenda Kuliona Ziwa

Mwanangu Kabange,

Uko ng'ambo ya ukuta huu. Nakusikia ukibishana na mama yako juu ya mfuko wa unga, kama ubebwe au uachwe. Ningeweza kuinuka nikakuambia haya kwa mdomo, lakini wiki hizi kila nikianza kuzungumza nawe naishia kupiga kelele, na kelele zangu unazijua: zinaanza na hoja, zinamalizika na mahubiri ya Jumapili. Kwa hiyo nimechukua kalamu. Mkono wa mwashi huandika polepole, labda safari hii nitapata nafasi ya kufikiri kabla ya kusema.

Sitaandika kuhusu chandarua, wala dawa, wala mahali pa kuficha simu. Mama yako ameshayasema hayo mpaka mbuzi wa jirani wanayajua. Nataka kukuandikia yale nisiyoyaelewa, na ni mengi.

Kwanza, sielewi unakwenda kufanya nini. Nimekaa Kamina karibu maisha yangu yote na sababu za watu kusafiri nazijua. Mtu husafiri kwa ajili ya matanga, ugonjwa, masomo au biashara. Akipanda gari la moshi kwenda Bukama, atarudi na samaki au atarudi na habari za msiba. Uliponiambia unakwenda Bukama, na kutoka pale kwa mtumbwi mpaka ziwani, niliuliza nani amekufa. Ukacheka. Ukasema hakuna aliyekufa, unakwenda kuliona ziwa, kisha utaendelea mpaka Lubumbashi, na huko utakaa.

Ulinieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mzee kiziwi. Lubumbashi kuna watu, wengine wa magongo, wengine hawaoni, wengine wa kiti cha magurudumu kama wewe, ambao wameanza kupanga safari za wenzao. Wanataka kuona maziwa na maporomoko na ndege, kama watalii wengine. Wakasikia sauti yako kwenye simu, wakaipenda, wakakupa kazi. Utapita njia kabla yao, uwaambie mlango gani unapitisha kiti, mtumbwi gani mtu anaweza kuingia akiwa amekaa, na choo gani kinamtaka mtu atambae. Nikasema, kwa hiyo watakulipa ili uende chooni. Mama yako alinitazama vibaya. Wewe hukukasirika.

"Eh, Baba," ulisema. "Na choo ya kwanza njo ile ulijengaka weye."

Ulikuwa umeshakwenda, kumbe. Umezunguka Kamina na velo yako, kiti chako cha magurudumu cha kuendesha kwa mikono, nyumba ya wageni moja baada ya nyingine, na ile ya nyuma ya soko niliijenga mimi tangu msingi mpaka bati. Nilijivunia sana mlango wa choo kile. Nilipata mbao nzuri nyembamba, nikabana upana ili chumba cha kulala kiwe kikubwa, na mwenye nyumba akanisifu. Kiti chako hakipiti pale. Ulisema mwenye nyumba alikuambia walemavu hawafiki kwake, kwa hiyo hakuna tatizo. Ukamwambia hawafiki kwa sababu ya mlango. Akasema mlango ulijengwa na baba yako, ukamuulize yeye.

Hapo sikujua nicheke au nilie. Nilichofanya ni kukuuliza kama ulikuwa umevaa vizuri, kwa sababu nilikwisha kusikia habari nyingine mjini, na ilinichoma. Nilisikia kwamba ulipoingia uani pale, msichana wa mapokezi alikuja mbio akakuwekea noti mkononi kabla hujafungua kinywa. Alidhani umekuja kuomba. Watu walionisimulia walisimulia kwa huruma, wakanishauri nikuzuie kuzunguka. Ni baadaye nilipata sehemu ya pili: kwamba ulimrudishia noti yake, ukamuuliza chumba ni bei gani kwa usiku mmoja, na kama kuna maji ya moto. Nililala na neno hilo la maji ya moto. Sisi wenyewe nyumbani hatuna.

Sasa nikuambie jambo la mapasa, kwa sababu ndipo nilipopotea.

Mlipozaliwa pacha, wewe na Kyungu, bibi yenu, mama yangu, alinikalisha chini kabla hajaniruhusu kuwashika. Alisema watoto wa namna hii hawagawanywi. Ukimpa Kyungu, mpe na Kabange. Nguo moja, sahani moja, zawadi moja, hata kiboko kimoja. Mmoja akipata na mwingine akakosa, aliyekosa hukasirika, na mapasa akikasirika hurudi alikotoka. Mimi ni Mmetodisti niliyebatizwa na kusoma, nikajifanya sisikii. Lakini niliishika sheria ile kuliko amri kumi. Ile homa ilipowapata wote wawili, ikamwacha Kyungu na kuchukua miguu yako, nilimuuliza Mungu mara nyingi kwa nini Yeye hakuambiwa na mama yangu.

Tangu siku hiyo nilikuwa fundi wa kusawazisha. Kyungu akipata viatu, wewe unapata viatu, ingawa havikukanyaga chini. Kyungu akipata mpira, wewe unapata mpira. Majirani walisema, huyu kweli ni Baba Mapasa. Na nilipenda kuitwa hivyo. Nilipenda kuliko jina langu.

Ndiyo maana uliposema unaondoka, jibu langu lilikuja lenyewe: Kyungu ataenda nawe. Atakubeba kupanda gari la moshi, atakubeba kushuka, atakubeba kuingia mtumbwini, atakaa nawe Lubumbashi mpaka uzoee. Nililisema mezani kama jambo lililokwisha. Niliona nimefanya vizuri: wewe umepata safari, naye amepata safari, sawa kwa sawa.

Ndipo uliposema yale maneno, na mama yako akaacha kupakua bukari, ugali wetu.

"Baba, siku ile weye ulitelemushaka Kyungu mu kamyo. Ni minyi njo ulipashwaka kupandisha."

Sikujua kama unaikumbuka siku ile niliyomshusha Kyungu badala ya kukupandisha wewe. Ulikuwa na miaka kumi, labda kumi na mmoja. Mimi naikumbuka vizuri, na naikumbuka kwa namna tofauti kabisa na yako. Hilo ndilo linalonichanganya.

Kwaya ya watoto ilialikwa Bukama. Mlikuwa mmeimba miezi mingi, sauti yako mbele, ya Kyungu nyuma ikitafuta njia. Niliwasimulia habari za ziwa wiki nzima kabla, maana nilifanya kazi upande ule nikiwa kijana. Nikawaambia kuna visiwa vya majani vinavyoelea, watu wanajenga vibanda juu yake, upepo ukigeuka nyumba ya mtu inahama na mkewe ndani. Kyungu hakuamini. Wewe uliniuliza kama mtu anayekaa juu ya kisiwa cha namna hiyo anahitaji miguu.

Asubuhi ya safari nilikubeba mgongoni mpaka uwanja wa kanisa. Kamyo, lori la magunia, ilikuwa pale, watoto wameshapanda, Kyungu ameketi juu ya magunia amekushikia nafasi. Dereva, mtu wa kupita tu, sikumjua kabla wala sikumwona tena, alikutazama ukiwa mgongoni mwangu. Hakuwa mkali. Labda angekuwa mkali ningempiga na mambo yakaisha.

"Huyu mutoto siwezi kumubeba," alisema. "Akianguka mu njia, bantu batasema ni minyi."

Nilimwomba. Niliomba kwa adabu, kofia mkononi, kama tunavyoomba kila kitu. Akatikisa kichwa. Watoto wote wanatazama. Mimi nikafanya nini? Nilimwita Kyungu, nikamwambia ashuke. Alilia, akashikilia kamba ya magunia, nikamvuta mguu mpaka akaachia. Kisha kamyo ikaondoka ikiimba, sisi watatu tukarudi nyumbani, mmoja mgongoni, mmoja anaburuzwa.

Wazee wa kanisa walinisifu kwa jambo lile. Walisema nimeheshimu mapasa, sikumpendelea mmoja. Jioni mama yangu alipika kuku mzima. Miaka yote hii nilipokumbuka siku ile nilijiona baba mwema. Nilikuwa nimewapa haki sawa, ndivyo nilivyojua mimi: wewe hukuliona ziwa, naye hakuliona.

Na baada ya hapo niliendelea vivyo hivyo. Shangazi yenu alipomwalika Kyungu Likasi, nilikataa. Kyungu alipopata nafasi ya kujifunza ufundi wa magari Kolwezi, nilisema atajifunza uashi hapa kwangu. Kila mara nilisema ni kwa ajili yako. Sikukuuliza hata mara moja.

Sasa unaniambia nilipaswa kukupandisha wewe. Nimelizungusha neno hilo kichwani siku nyingi. Ningekupandishaje? Dereva amekataa, gari ni lake. Ningepigana? Ningelala mbele ya gurudumu? Uliniambia kuna sheria ya nchi siku hizi, kwamba mtu kama wewe ana haki ya kusafiri na kuingia anapoingia kila mtu. Labda siku ile haikuwepo, sijui. Mimi nilizoea kwamba haki ni ya hakimu, mtu akikunyang'anya shamba. Kupanda gari ni kuomba, na ukinyimwa unashukuru unarudi. Lakini kama ilikuwa haki yako, basi nilisimama pale kofia mkononi naomba kitu ambacho tayari ni chako, na nilipokikosa nikamnyang'anya na ndugu yako. Nikilifikiri hivyo kichwa kinaniuma. Kesho yake nikiamka naona tena kwamba sikuwa na la kufanya. Naenda na kurudi, Kabange. Bado sijatua.

Halafu kuna jambo la ngazi.

Nyumba hii nimeijenga mimi, na ina ngazi tatu mbele, ndefu, za saruji safi. Nyumba ya mwashi bila ngazi watu wangesema ameishiwa. Kwa wateja nimejenga miteremko mingi, ya kupitisha toroli za saruji na magunia ya mahindi. Hapa kwangu sikujenga hata mmoja. Nilikuwa na mgongo, nikaona unatosha. Kila asubuhi nakushusha, kila jioni nakupandisha. Mgongo wangu umeanza kulia kama bawaba ya mlango, na sikuwahi kulalamika, kwa sababu, nikuambie kweli, nilipenda. Ulikuwa wakati wangu. Ulikuwa unaniambia habari zako sikioni.

Juma lililopita nilirudi kazini mapema nikakukuta chini, umekaa kwenye vumbi, mgongo umeelekea ngazi. Nilijua umeanguka. Nilitupa beseni la vyombo vyangu nikakimbia, nikakunyanyua kwapani, nikakufikisha mlangoni kwa pumzi moja. Nilikuwa nimeanza kumgombeza Kyungu, ambaye alikuwa amesimama pale pembeni mikono mitupu, anakutazama tu.

"Baba, unirudishe chini," ulisema. "Siyamaliza."

Sikuelewa ni nini hujamaliza. Kyungu ndiye aliyenieleza. Ngazi ya behewa ni ya chuma na iko juu, hakuna sakafu iliyoinuka ya kuisogelea kwa kiti. Kwa hiyo ulikuwa unajifunza kupanda ukiwa umekaa, kinyumenyume, kwa mikono: unasukuma chini, unainua makalio, unakaa juu, unavuta miguu. Ulikuwa umeshafanya hivyo siku nyingi mimi nikiwa kazini. Siku ile ndiyo kwanza ulikuwa unaanza nilipokuja mimi mwokozi.

Nikakurudisha kwenye vumbi. Sikumbuki kama nimewahi kufanya jambo gumu kuliko lile, kukuweka chini kwa mikono yangu mwenyewe kisha kurudi nyuma. Ulianza upya. Mkono wako wa kushoto uliteleza kwenye ngazi ya pili, ukagonga kiwiko, na mimi nikaruka. Kyungu akanishika shati. Alinishika kweli, kijana yule, mimi baba yake. Ukafika juu, uso umejaa vumbi na jasho, ukaomba maji ya kunywa. Nilienda nyuma ya nyumba nikakaa juu ya matofali. Mama yako alinifuata.

"Unaogopa aanguke?" aliniuliza. "Hapa anaangukaka. Na kule ataanguka. Sasa?"

Mama yako huwa hasemi sana, lakini akisema anafunga mlango.

Kwa hiyo nilirudi kwa Kyungu, nikidhani mwanaume atanielewa. Nilimwambia, tafadhali, mwende pamoja, mfuate hata kwa mbali, kama hataki kubebwa mbebee mzigo. Nilimwambia ni desturi, mmoja hawezi kwenda na mwingine akabaki. Alikuwa anachanganya udongo, hakuacha koleo.

"Baba, hata minyi siyaona ile mayi," alisema, maana ziwa lile naye hajaliona. "Lakini nikienda naye, nitaenda mwenye kumubeba. Aende kwanza. Nyuma minyi nami nitaenda, kwa yangu."

Basi nikajua kwamba kesho haondoki mtu mmoja. Wewe unaondoka kesho, naye anaondoka kesho ingawa atakuwa bado amekaa hapa, anachanganya udongo wangu. Nilidhani nawashikilia kwa usawa. Nilikuwa nimewafunga kamba moja, halafu naisifu kamba.

Na bado, mwanangu, sikuambii kwamba nimekubali. Ningependa kukuambia hivyo, ingekuwa barua nzuri. Dakika hii naona uko sahihi. Dakika inayofuata naona wewe ni mtoto wangu ambaye miguu yake haimsikii, unataka kwenda peke yako kwenye maji yenye mamba, kupimia milango watu usiowajua. Ninaogopa mtumbwi. Ninaogopa watakaokunyanyua bila kukuuliza, kwa sababu wapo wengi na wana nia njema, na mimi ndiye mkubwa wao. Ninaogopa zaidi siku utakayokuwa umezoea, ukaja nyumbani kututazama, ukapanda ngazi zangu mwenyewe ukakaa kama mgeni. Kama ukija, utanikuta nimejenga mteremko. Usiniulize kwa nini sasa.

Kuna jambo moja tu ninalolijua bila wasiwasi. Barua hii nimekuandikia wewe, na Kyungu sijamwandikia. Nilifikiri nimwandikie hata mistari miwili ili mambo yawe sawa, nikaandika jina lake juu ya karatasi nyingine, kisha nikaichana. Ni kitu cha kwanza nilichompa mmoja wenu bila kumpa mwingine tangu mzaliwe. Mama yangu angepiga kelele kutoka alikolala. Lakini Kyungu ana lake la kuambiwa, na siku yake haijafika. Hii ni yako.

Gari la moshi wanasema litapita asubuhi. Asubuhi yao tunaijua, labda tutakaa stesheni mpaka jua lizame, na nitashukuru. Likija, velo yako tutaipeleka kwenye behewa la mizigo mimi na Kyungu, hilo umeturuhusu. Kisha utakaa chini mbele ya ngazi ile ya chuma, mbele za watu wote wa Kamina, na watu watakuja mbio kukunyanyua. Nitawazuia. Nitawaambia wakusubiri useme. Watanitukana, watasema baba gani huyu amekunja mikono mtoto wake anajiburuta chini. Waache waseme.

Nitasimama karibu. Ukitaka mkono, uniite, uniambie nikushike wapi, na nitashika hapo tu. Usiponiita, sitakugusa. Naahidi, ingawa sijui kama nitaweza. Na ukiwa umefika ngazi ya kati, ukasikia mwanaume mzima analia, ni mimi. Usinyooshe mkono wa kunifariji, utateleza. Shika chuma, Kabange. Panda.

Baba yako